Bastola Chini ya Joho la Kwaya

Mlango ulifunguka. Ule mlango tuliomwacha Chibalonza mbele yake katika gazeti la Jumamosi iliyopita, mkono kwenye kishikio, akisikiliza mlio wa chuma chumbani mwake mwenyewe. Aliusukuma kwa goti.

Ndani hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na mwanamke mwingine pia, ingawa najua wengi wenu mlikwisha kumhukumu baba wa watu. Ndani alikuwa Symphorien, mumewe, amevaa joho la kijani la kwaya, amesimama mbele ya kioo cha kabati. Amejigeuza upande, tumbo kalivuta ndani, anajitazama kiunoni kama bibi harusi anayejaribu gauni.

Kitandani vilitandazwa vitenge vitatu vipya. Juu yake ililala bastola nyeusi, kubwa. Ya pili, ndogo, ilikuwa kiunoni mwa Symphorien, chini ya joho.

Macho yao yalikutana kwenye kioo.

"Inaonekana," alisema Chibalonza. "Ukigeuka hivyo, kitako kinatokeza."

Symphorien aliachia pumzi, na tumbo likarudi mahali pake.

Chibalonza alikuwa ametoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee Bankstown, hapa Sydney. Viatu vilimbana, mikono ilinuka sabuni ya kuogeshea watu, na tangu alfajiri alikuwa ametukanwa na bibi mmoja mgonjwa wa kusahau aliyedhani ameibiwa meno. Hakuwa na subira iliyobaki. Alifunga mlango nyuma yake ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Ornella, binti yao wa pekee, alikuwa amempigia asubuhi kumwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anatangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mama mtu alifurahi. Msichana wa mwaka wa pili chuoni Parramatta, aliyeiita kwaya upotevu wa Jumamosi, leo anatangulia mwenyewe. Mama alifurahi na hakuuliza. Hapo mtarudi baadaye mkumbuke.

"Symphorien," alisema. Siku zote alimwita Baba Ornella. Akimtaja kwa jina la ubatizo, ujue moto umeshika paa. "Nani amekupa?"

Alitaka kukwepa. Akasema ni kitu cha muda tu, akasema angemwambia baada ya ibada, akasema yeye ni mwanaume wa nyumba. Chibalonza aliketi kwenye kiti cha kuvalia viatu, akavua kimoja, akabaki amekishika mkononi. Symphorien akakitazama kile kiatu, na akasema jina.

Akilimali.

Ninyi wa mtaa wa Granville mnamjua mtu wa aina hii hata kama jina ni jingine. Akilimali muuza vitenge, anayezunguka nyumba kwa nyumba na begi kubwa la mistari, akileta pia samaki wakavu na sombe ya majani ya mhogo. Hana duka. Duka lake ni vyumba vyetu vya kulala, kwa sababu humo ndimo mna kioo. Anakuachia pisi kadhaa, anasema maman, kaa nazo, jifunge, jitazame, zungumza na mume. Akirudi anachukua zile usizozitaka. Ndivyo tunavyonunua nguo za harusi na za msiba katika mji huu, kwa kuaminiana, na hakuna anayemwona mjinga anayefanya hivyo.

Basi Akilimali alileta bastola kwa njia ileile. Ijumaa asubuhi alimkabidhi Symphorien begi mlangoni, mzigo umefungwa ndani ya vitenge, akamwambia: mzigo wote umo humo, chagua kwa nafasi, Jumamosi jioni nitapita kuchukua unaobaki. Symphorien alilisukuma chini ya kitanda, akakimbilia treni ya kazini. Hakulifungua mpaka leo mchana.

"Chini ya kitanda changu," alisema Chibalonza. "Nimelala juu yake."

Alikuwa amelala juu yake, ndiyo.

Wanaume wana tabia moja ya ajabu. Ukiwakuta na kosa, hawaombi radhi, wanakueleza jinsi kosa lenyewe linavyofanya kazi. Symphorien alianza kueleza. Ile ndogo ni bapa, inakaa kiunoni kama simu, unaisahau. Lakini mpini wake mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na Akilimali amesema inaruka mkononi kama chura. Kubwa inajaza kiganja vizuri, inatulia, lakini ukiinama tu kuinua boksi shati linapanda na ghala zima anakofanya kazi linaona. Ameijaribu na suruali ya kazi. Ameijaribu na jinzi. Ameijaribu na suti ya Jumapili, koti linavimba upande mmoja.

"Ninataka moja ya kutembea nayo kila siku," alisema. "Ya kujilinda tu. Isionekane."

Chibalonza alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya upole aliyoitumia kwa wazee wanaokataa dawa, ghalani huwa anavaa nini. Fulana, alijibu, na suruali ya kazi na kizibao cha manjano. Na kwenye treni? Jaketi.

"Na joho unavaa siku gani?"

Symphorien akaanza kunyoosha mkunjo wa joho.

"Nakuuliza, Symphorien. Joho hili ninalolifua na kulipiga pasi mimi, unalivaa siku gani?"

"Jumapili."

"Basi hiyo si ya kila siku. Hiyo ni ya siku moja. Ni ya kesho. Na kwenye safu ya besi, kesho, nani anasimama pembeni yako?"

Pembeni yake kwenye safu ya besi angesimama Fiacre, aliyewasili Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania miezi michache tu iliyopita, Mrundi mrefu mpole wa kusalimia, ambaye kiongozi wa kwaya alimweka pale kwa sababu ya sauti yake nzito, bila kujua alikuwa anaweka petroli kando ya kiberiti. Maana kambini humo, miaka mingi nyuma, Dieudonné, mdogo wake Symphorien, alipigwa na kundi la watu karibu na bomba la maji mpaka akafa. Na jina la muuaji lililotajwa asubuhi ya msiba lilikuwa la Fiacre.

Chibalonza alikirusha kile kiatu. Hakikumpiga mumewe, kilipiga kabati, na kioo kikatetemeka.

Alimwambia mengi, na mengine siyaandiki gazetini kwa sababu watoto wenu wanasoma. Alimwambia kwamba hakuvuka nusu ya dunia na mtoto mgongoni ili amtembelee mume gerezani. Kwamba nchi hii mtu akikutwa na bastola bila kibali haulizwi kama ameitumia. Kwamba anataka kumuua mtu mbele ya madhabahu, mbele ya watoto wa Sunday school, mbele ya binti yake anayeimba safu ya mbele. Na kwa nini sasa? Fiacre yuko hapa tangu baridi. Kwa nini wiki hii?

Symphorien alitoa simu mfukoni, akaifungua, akampa.

Zilikuwa meseji za namba isiyo na jina, kwa Kiswahili. Ya kwanza ilisema: *Kaka mmoja tulimlaza. Bado mmoja.* Nyingine: *Mke wako anatoka stesheni peke yake. Njia ile haina watu.* Nyingine ilimtaja Ornella, na siku anazochelewa chuoni.

"Umenificha hizi."

"Sikutaka uogope."

"Nilikuwa natembea njia ile kila siku. Kila siku, Symphorien. Na wewe ukaona afadhali nitembee bila kujua, ilimradi nisiogope."

Angeendelea, alikuwa na haki ya kuendelea mpaka jioni. Lakini kidole chake kilikuwa kimefika kwenye meseji ya mwisho, ya Jumatano. *Hicho kitasa kipya cha mlango wa nyuma hakitakusaidia.*

Aliisoma tena. Hasira yake haikuisha. Iligeuka tu, ikatazama upande mwingine.

"Baba Ornella," alisema polepole. "Kitasa cha mlango wa nyuma alikifunga nani?"

Symphorien alishangaa swali. Si fundi wa mwenye nyumba? Alirudi kutoka kazini Jumanne akakuta kitasa kipya na ufunguo mezani, akajua mwenye nyumba hatimaye amesikia kilio.

Mwenye nyumba hakuwa amesikia kilio chochote. Jumanne ile, Symphorien akiwa kazini, Akilimali alipita na vitenge akamkuta Chibalonza akipambana na mlango usiofunga. Akasema, maman, acha, nina bisibisi kwenye gari. Akaenda dukani, akarudi na kitasa, akakifunga. Akapewa chai na chapati. Mlango ule unatazama ukuta wa jirani, mtu wa barabarani hauoni. Jumatano waliojua kuna kitasa kipya walikuwa watu wa nyumba ile, na mtu mmoja zaidi.

Mke alijua nani kafunga kitasa, hakusema kwa sababu halikuwa jambo. Mume alijua meseji, hakusema kwa sababu ya kiburi. Kila mmoja alikaa na nusu yake, na Akilimali akapita katikati na begi lake.

Symphorien aliketi kitandani. Alisema haiwezekani. Akilimali ni ndugu, walikuwa kambi moja.

"Na kambini," aliuliza Chibalonza, "nani alimwona Fiacre pale bombani?"

Symphorien alirudi nyuma kimawazo. Asubuhi ile ya msiba, mtu mmoja alikuja hemani analia, akasema ameona kwa macho yake. Mmoja tu. Wengine wote walimsikia yeye.

"Akilimali," alisema.

"Na bastola amekwambia bei gani?"

"Alisema bei tutaongea baadaye."

"Akilimali? Anayetaja bei kabla ya salamu?" Chibalonza alisimama. "Huyo hauzi. Huyo amekutafutia kazi ya kuua."

Sasa alikuwa mtu wa vitendo. Alitoa glavu za kazini kwenye droo, akavaa. Alimwamuru mumewe avue joho na atoe risasi zote kama alivyofundishwa na Akilimali, naye akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Bastola zote mbili akaziweka kwenye sufuria kubwa ya kusongea fufu, akaifunika, akaipeleka kwenye buti ya gari lake, akafunga, ufunguo akautia kifuani. Redioni alikuwa amesikia kwamba mtu anaweza kupeleka silaha isiyo na kibali kituoni na asiulizwe jina. Wataenda sasa hivi. Watapeleka na meseji.

Alirudi ndani kukunja vile vitenge vitatu. Ndipo waliposikia ufunguo ukizunguka kwenye mlango wa nyuma.

Ufunguo wa Symphorien ulikuwa mezani. Wa Chibalonza ulikuwa kwenye pochi. Wa Ornella alikuwa nao Ornella.

"Hodi, hodi," ilisema sauti jikoni. Hodi ya mtu aliyekwisha kuingia.

Chibalonza alimshika mumewe mkono, akaufinya mpaka akasikia mfupa. Bila maneno alimwambia: wewe nyamaza, huyu ni wangu.

Walipofika jikoni, Akilimali alikuwa ameketi tayari, mguu juu ya mguu, amejimiminia maji. Mtu mnene wa kucheka, kofia ya majani kichwani. Alisema mlango ulikuwa wazi. Alisema harufu ya nyumba hii humwita kutoka mbali. Alimuuliza Symphorien kama amechagua, akamtania kwamba mwanaume mwenye kitambi kama chake achukue ile bapa, maana kubwa itamchomoka barabarani na kumuaibisha mbele ya wazungu.

"Maman, usininunie," alisema alipoona uso wa Chibalonza. "Mwanaume lazima alinde nyumba yake. Siku hizi kuna watu wabaya."

"Najua. Wanaingia na funguo zao."

Akilimali alicheka. Akacheka kidogo zaidi, akaacha.

Chibalonza aliweka vitenge mezani, vimekunjwa. Akamwambia hakuna kilichochaguliwa, achukue nguo zake aondoke. Akilimali aliuliza kuhusu vyuma. Vyuma viko mahali pake, alijibiwa, na vitaenda vinakostahili, na yeye akitaka kuvifuata huko atakaribishwa sana.

Ungedhani mtu angeogopa. Akilimali hakuogopa. Alitia maji mengine kwenye glasi, akasema kwa utulivu kwamba polisi watauliza alama za vidole za nani ziko kwenye kila chuma, na za nani haziko. Yeye daima hushika mali yake kwa kitambaa.

"Na zote alizishika mume wako," alisema. "Zote tatu."

"Mbili," alisema Symphorien.

"Tatu. Kila kitenge na chake. Hicho cha maua mekundu kilikuwa na ile ndogo kabisa, ya kike, inaingia hata kwenye mkoba wa lipstiki." Akilimali alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. "Msinichezee. Iko wapi?"

Symphorien alifungua mikono. Alikifungua kile cha maua mekundu mchana, kilikuwa kitupu. Alidhani ni zawadi aliyoletewa mke wake.

Zawadi.

Chibalonza alihesabu siku. Begi lililala chini ya kitanda tangu Ijumaa asubuhi. Yeye alikuwa kazini. Symphorien alikuwa kazini. Ijumaa Ornella hana masomo.

"Simu yako," alimwambia mumewe. "Meseji zako za shifti, huwa anakusomea nani?"

Alijua jibu. Sote tunalijua, sisi ambao watoto wetu wanatusomea barua za shule na za umeme na za bosi. Kila wiki ghala lilituma ratiba kwa Kiingereza, na kila wiki Symphorien alimpa binti yake simu akaenda kuoga. Alimficha mke wake meseji za vitisho, akazitia mkononi mwa mtoto. Ornella alizisoma zote. Ornella, aliyebebwa mabegani na Dieudonné kambini, aliyelia wiki nzima akimuita baba mdogo.

Na Ornella ametangulia kanisani, kwenye ule ukumbi wa kukodi nyuma ya magereji, ambako Fiacre hufika mapema kila Jumamosi, peke yake, kupanga viti.

Chibalonza alikuwa tayari anapiga. Simu iliita. Ikaita. Symphorien alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Akilimali naye alikuwa amesimama, lakini alielekea mlangoni. Alikizungusha kile kitasa alichokifunga kwa mkono wake, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaegemea mlango.

Simu ilipokelewa. Ilisikika pumzi, na nyuma yake sauti nzito ya mwanaume ikiongea taratibu, kama anayeongea na mbwa asiyemjua.

"Ornella," alisema mama. "Mwanangu, iweke chini."

Tangu aanze shule nchi hii, Ornella alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiingereza. Kwenye furaha, kwenye ugomvi, hata kwenye homa. Sasa alijibu kwa Kiswahili, kile cha kambini, sauti ya mtoto wa miaka mitano.

"Mama, huyu anasema siyo yeye alimuua baba mdogo. Anasema alikuwepo, alimuona mwenye kuua, na ni mtu anaingiaka kwetu kila wiki. Mama, niambie. Nimuamini?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Waliisikia wote watatu.

Chibalonza aliinua macho. Akilimali hakuwa akicheka tena. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, kama siku zote alipokuwa akisubiri kurudishiwa kitenge, na mkono wake wa pili ulikuwa umezama ndani ya koti.

"Nipe hiyo simu, maman," alisema. "Huyo mtoto nitamjibu mimi."